Ng'ombe Aliyeamka Mwekundu

Kamenu, Thika
4 Agosti 2024

Kwako Tata Warigia,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Natumaini barua inakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti limepunguza kelele. Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu. Baridi tu ndiyo imekaza, hata cherehani yangu inakataa kuamka asubuhi. Najua simu huisikii vizuri, ndiyo maana nimeshika kalamu. Githae anayeleta mkate huko Gatongora ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Tata, tangu tumzike mama tumekuwa watu wa kusalimiana kupitia watu. Wewe ulikuwa rafiki yake, kwangu ni mama mdogo, mimi nilipaswa kukutafuta. Lakini leo nina jambo, na sina mwingine wa kumuuliza.

Kanisa letu linatimiza miaka sitini mwezi ujao. Tulipokuwa tunatoa viti vya zamani stoo, tukapata mkebe wa bati, mviringo kama wa biskuti, na ndani yake utepe wa sinema. Macharia, yule kijana wa vidio za kanisa, akaupeleka Nairobi ukaingizwa kwenye kompyuta. Alhamisi, baada ya maombi ya akina mama, akatuonyesha ukutani.

Wacha nikuambie nilichoona. Ni katuni, lakini haikuchorwa. Imepangwa kwa nafaka. Kuna mama wa punje za mahindi, na leso yake ni ya punje za wimbi. Kuna ng'ombe wa njahi, yale maharagwe meusi, na ule mstari mweupe wa njahi umegeuzwa ukawa nyusi. Kuna mto wa ndengu. Na vyote vinatembea, Tata. Hakuna sauti wala neno moja. Mama yule anaenda kuteka maji na ng'ombe wake, na kila akikaribia mto, mto unajikunja kama mkeka na kukimbia. Wanaufuata mpaka wanachoka. Mwishowe mama anakaa chini, ng'ombe analala kando yake, wanatulia tu. Na hapo, kitu ambacho sijaona mahali pengine, mto unarudi wenyewe. Unakuja polepole, ndengu chache mbele, nyingine nyuma, unamnusa mama kwenye mguu kama ndama. Wakiinuka kwenda nyumbani, mto unawafuata.

Nililia, na si mimi peke yangu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kungoja, lakini hakuna lililonikalisha chini vile.

Kilichonishika zaidi ni mwendo wa ng'ombe. Amechoka kwenye nyonga. Anaweka mguu, anafikiria, kisha anaweka mwingine. Aliyempanga alikuwa amewahi kutembea nyuma ya ng'ombe.

Sasa swali. Ng'ombe analala mweusi, anaamka mwekundu. Ni maharagwe mekundu kabisa, wairimu, kutoka pembe hadi mkia. Mimi niliona ni sawa, nikasema amelala na shida ameamka na neema. Macharia akasema, "Mum, hapo walikosea tu. Nitamrudisha mweusi chap chap, hakuna mtu atajua." Na Mzee Kitonga, mwenyekiti wa kamati, anataka hivyo, kwa sababu wageni watatucheka.

Mwisho kabisa mikono ya watu inaingia na kukusanya nafaka yote kwenye ungo. Mkono mmoja una kidole kidogo kilichopinda kwenda nje. Tata, hicho kidole nakijua. Kiliwahi kunifinya sikio.

Niambie, kwa nini ng'ombe alibadilika?

Ni mimi mwanao,
Ndanu

*

Gatongora, Ruiru
15 Agosti 2024

Mwanangu Ndanu,

Nimepokea salamu zako na mkate juu yake, Githae amesema ni zawadi yako. Mimi ni mzima. Goti bado linaongea lakini siku hizi halipigi makelele. Macho Mungu ameniachia. Usishangae maandishi makubwa, naandika ya kusomeka.

Kwa hiyo mkebe ule upo. Nilidhani panya waliumaliza zamani. Nimecheka mpaka mke wa mwanangu akaja kuangalia kama niko sawa.

Kidole ni changu. Tulikuwa wanawake wanne wa darasa la ngumbaru, tukijifunza kusoma tukiwa watu wazima, na mwalimu wetu alikuwa Sifuna, mrefu, wa kutoka magharibi, mtu wa kunong'ona. Mwaka ulikuwa 1975. Aliazima kamera kwa rafiki yake, akaifunga kwenye boriti ya stoo ikiangalia chini, juu ya meza iliyotandikwa blanketi la kijivu. Akasema, "Nyinyi mnachagua maharagwe kila jioni. Sasa mtachagua, lakini polepole zaidi." Unasogeza punje kidogo, unatoa mkono, anapiga picha. Unasogeza tena. Ukipiga chafya umeharibu picha. Siku moja kuku aliingia akala nusu ya mto, na kuanzia hapo Perez, mmoja wetu, akawa anakaa mlangoni na fimbo, anasema yeye ni askari wa maji.

Hatukujua tunatengeneza kitu kizuri. Tulidhani tunamsaidia mwalimu. Wewe umekaa ukaona mto unanusa mguu, na ukaandika hivyo. Huo mto ulikuwa wangu. Nilikuwa nawaza mbwa wetu wa kule Gatanga. Hakuna mtu amewahi kuniambia ni mzuri, na mimi sasa ni mkongwe. Asante.

Juu ya ng'ombe, waambie wamwache alivyo. Hakuna aliyekosea.

Zaidi ya hapo, kabla sijaandika, nijibu jambo moja. Mama yako Mbithe aliwahi kukuambia nini kuhusu siku uliyozaliwa?

Tata yako,
Warigia

*

Kamenu, Thika
19 Agosti 2024

Tata mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, na kwamba macho ni mazima. Huku hatujambo. Nimetoka kushona sare za kwaya, vidole vinauma lakini ni uchungu mzuri.

Umeniuliza jambo ambalo silisemi kwa watu. Mama hakuwa mtu wa hadithi. Nilipokuwa msichana niliona wenzangu wakizaa, wanawake wanakuja na vikapu, uji, njahi zilizopikwa, nyumba inajaa mpaka watu wanakaa nje. Nikamuuliza, "Na mimi nilipozaliwa walikuja wangapi?" Alikuwa anapembua, hakuinua kichwa. Akasema, "Hakuna aliyekuja." Kisha akaendelea kupembua. Nilijua hakuwa ameolewa, na kwamba kanisa lilimsimamisha ushirika. Sikuuliza tena. Lakini, Tata, nimetembea na maneno hayo miaka yote. Hata nikiimba ushuhuda, yako hapo chini. Nikienda kuona mtoto wa mtu, huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Watu wanadhani ni upendo tu.

Sasa mbona unauliza? Umenitia wasiwasi.

Macharia amemaliza kazi yake. Ng'ombe ni mweusi mwanzo hadi mwisho. Amefanya vizuri, huwezi kuona alipopaka. Lakini nikamwambia, "Macharia, huyu wa pili si yule wa kwanza." Akasema, "Ni huyo huyo, Mum, rangi ni moja." Nikamwambia aangalie miguu. Wa kwanza anafikiria kabla ya kukanyaga. Wa pili anatembea kama mtu aliyevaa koti la mwenzake, kwa uangalifu, asilichafue. Alipokuwa mwekundu, hilo lilikuwa na maana, ulimwona ni mgeni amekuja kumalizia safari ya mwingine. Sasa amekuwa mweusi ni kama uongo. Macharia aliangalia, akarudisha nyuma, akaangalia tena. Akasema, "Wah. Ni ukweli." Lakini uamuzi si wake.

Kamati inakaa Jumamosi tarehe saba Septemba. Sherehe ni tarehe ishirini na mbili. Mzee Kitonga ameniambia, "Mama, leta sababu, si machozi."

Nipe sababu.

Mwanao,
Ndanu

*

Kamenu, Thika
2 Septemba 2024

Tata,

Hujambo? Githae anasema alikukuta umekaa uani ukiota jua, ukapokea barua, lakini hukumpa jibu. Kama nimekuudhi, nisamehe. Kama ni goti, sema nije. Jambo la ng'ombe si kubwa kuliko wewe.

Ndanu

*

Gatongora, Ruiru
3 Septemba 2024

Mwanangu,

Siumwi na sijaudhika. Nilikuwa naomba. Kuna watu wanne ndani ya jambo hili, watatu wamelala makaburini, na sikutaka kuwasemea kabla ya kuwaza vizuri. Sasa nimewaza.

Nilikuambia tulikuwa wanne. Perez, mimi, mama yake huyo Kitonga wenu, na wa nne alikuwa Mbithe, mama yako. Yule ng'ombe uliyempenda ni mkono wake. Sisi wengine tulijaribu kumtembeza, akawa kama meza inayosukumwa. Mbithe akasema, "Sogeeni," akamsogeza nyonga kabla ya mguu. Mwalimu Sifuna akaacha kunong'ona. Akasema kwa sauti, "Huyo ni mzima." Tangu siku hiyo ng'ombe alikuwa wa Mbithe, hakuna mwingine aliyemgusa.

Kisha tumbo likaonekana. Wazee wakamsimamisha, na wakatoa amri kwamba mwanamke yeyote wa kanisa atakayeingia nyumbani kwake naye atasimamishwa. Hakuja tena stoo. Tukabaki na ng'ombe ambaye hakuna awezaye kumtembeza. Mwalimu akakaa, akaangalia meza, akasema, "Basi, alale." Ndiyo maana analala, Ndanu. Hadithi ya kwanza haikuwa hivyo, walikuwa waukimbize mto mpaka waukamate. Sehemu ile iliyokukalisha chini imetoka hapo. Ng'ombe alikuwa analala kwa sababu mwenyewe hayupo, na sisi tukawa tunasogeza mto tu, siku nyingi, kumzunguka.

Siku moja Perez akaja mbio. Mbithe amejifungua, peke yake na mwenye nyumba, na hana kitu jikoni. Ule mwaka ulikuwa wa ukame. Sisi Wakikuyu mama aliyejifungua tunampa njahi zirudishe damu na maziwa, lakini njahi hazikupatikana hata kwa kuombewa. Zangu za mwisho, za shamba la baba Gatanga, nilikuwa nimezileta kwa mwalimu. Zilikuwa pale mezani, zimelala, zina nyusi.

Tuliangaliana. Mwalimu alipanda kwenye kiti akaifunika kamera na kitambaa, kama mtu anayefunika uso. Kisha akasema, "Anzeni mkiani."

Tulimchota ng'ombe kuanzia mkiani, pembe zikawa za mwisho. Mama yake Kitonga ndiye aliyepika, kwa moto wake mwenyewe, na mume wake akiwa mzee wa kanisa. Giza likaanza kuingia, tukabeba sufuria mpaka kwa Mbithe, tukaiweka mlangoni, tukabisha, tukajificha nyuma ya ua wa miiba wa kai-apple. Hatukuingia. Tuliogopa, na hiyo ni kweli. Lakini tulikusikia ukilia, na Perez akasema, "Huyo ana mapafu." Mlango ukafunguliwa, sufuria ikaingia. Kesho yake tuliikuta pale pale nje, imeoshwa, imefunikwa.

Ng'ombe akaamka mwekundu kwa sababu wairimu ndizo zilizobaki, na aliyemtembeza ni mimi. Umesema anatembea kama aliyevaa koti la mwenzake. Niliposoma hapo niliweka barua chini. Ndivyo nilivyokuwa.

Kwa hiyo kama watu watasema hakuna aliyekuja, wewe sema tulikuja mpaka mlangoni. Hata kamati waambie. Mimi ndiye niliyebaki, na nimekubali.

Tata yako,
Warigia

*

Kamenu, Thika
10 Septemba 2024

Tata yangu,

Salamu zote za nyumba hii, na sina maneno mengi ya salamu leo, utanisamehe. Mungu akuzidishie.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye foleni ya maji, mitungi ya watu ikapita yangu. Jumamosi nikaenda kwenye kamati. Nilikuwa nimepanga kusema vizuri, nikashindwa. Nikamwambia Mzee Kitonga, "Ulitaka sababu. Nitasoma." Nikasoma kila neno, hata la mapafu.

Nilipofika penye mama yake, alivua kofia. Mtu mmoja alianza kusema kwamba hayo ni mambo ya zamani, kwa nini kanisa lijianike mbele ya wageni. Kitonga akamwambia, "Ngoja kidogo." Akamwomba Macharia aonyeshe mwisho, pale mikono inapoingia. "Simamisha." Kuna mkono ulio na bangili ya shaba iliyoungua ikawa nyeusi upande mmoja, mkubwa, wa mtu wa jembe. Akausogelea ukuta mpaka picha ikawa juu ya shati lake. Akasema, "Alituambia hiyo bangili iliungua kwa kupika, hakusema alimpikia nani." Halafu akakaa. Akasema, "Ng'ombe abaki alivyoamka. Na majina yasomwe kabla ya kuonyeshwa, yote manne, na la mwalimu." Hakuna aliyepinga.

Tata, nimeiangalia tena nikiwa peke yangu na Macharia. Sasa najua kwamba nikimwangalia ng'ombe akichoka, namwangalia mama yangu. Sina picha yake ya ujana hata moja, na hapo ninao mwendo wake. Alivyokuwa anaweka mguu akifikiria, kwenye matope ya Kamenu, akiwa na mtungi mgongoni, ni vile vile. Kisha analala, na mto unakuja. Sikujua kama mtu anaweza kutengeneza kitu hivyo kwa chakula cha jioni.

Limebaki jambo moja, na hilo ndilo linanikosesha amani. Kama mlijificha, yeye alijua? Au aliishi miaka yote, akazikwa, akiamini hakuna aliyekuja? Maneno yake ni yale yale, nimeyasikia kwa masikio yangu. Sufuria ingeweza kutoka kwa mwenye nyumba. Ingeweza kutoka kwa yeyote.

Njoo tarehe ishirini na mbili. Nitatuma gari. Hata kama hujui jibu, njoo.

Mwanao,
Ndanu

*

Gatongora, Ruiru
23 Septemba 2024

Ndanu mwanangu,

Hujambo, na poleni na kazi ya sherehe. Mimi niko salama, nimechoka uchovu wa mtu aliyetoka.

Gari lako nililirudisha, nikasema goti limekataa. Sikutaka kuketishwa mbele na kuvishwa maua. Lakini mwanangu alinileta kwa gari lake, nikaketi kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, nimejifunika shuka kichwani. Niliwaona. Nilisikia jina langu likisomwa na watu wakitafuta kwa macho. Mlipomaliza nilikuwa nimeshatoka. Usikasirike. Nilitaka kuuona mto wangu bila mtu kunishika mkono.

Ni mzuri, Ndanu. Sikujua. Ulisema kweli yote.

Sasa swali lako. Kuna kitu sikukuandikia, kwa sababu sikuwa na hakika nacho, na sikutaka kukupa cha kukisia.

Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, ilikuwa hapo hapo, ukutani. Watu walijaa. Mbithe hakuruhusiwa kuingia, akasimama nje ya dirisha, wewe mgongoni. Ng'ombe alipoamka mwekundu, watu wote waliguna. Wakaanza kuulizana, huyu ametoka wapi, yule mwingine amekufa? Sisi watatu tuliangalia chini tusijionyeshe. Na hapo dirishani mtu mmoja akacheka. Si cheko la kudharau. Lilianza chini, likapanda, likakatika ghafla kama mtu aliyeziba mdomo na leso. Wazee wakageuka. Alikuwa ameshaondoka.

Miaka yote nimejiuliza alicheka nini. Pengine wewe ulimkojolea. Pengine alimcheka ng'ombe wangu na mwendo wake wa meza. Sikumuuliza, naye hakusema, na wazee walipomhoji baadaye ni nani kati yetu aliyefika kwake, aliwajibu maneno yale yale uliyoyasikia wewe. Hakuna aliyekuja. Akawajibu hivyo kila walipouliza, mpaka nadhani yakamkaa mdomoni.

Jana ng'ombe aliamka mwekundu. Watu waliguna, kama wale wa zamani, hata baada ya kusomewa. Watoto wakaulizana. Na kutoka mbele, upande wa kwaya, mtu mmoja akacheka. Lilianza chini, likapanda, likakatika kwenye leso.

Masikio yangu haya hayashiki hata simu. Hilo nililisikia.

Wewe ulicheka kwa sababu ulijua zile njahi zilienda wapi. Mtu asiyejua anauliza; mama yako hakuuliza, alicheka. Ng'ombe yule alikuwa wake, alimpanga punje kwa punje, angemjua hata ndani ya sufuria.

Nimekuwekea njahi kidogo, Githae atakuletea. Ni za mwaka huu, za Gatanga. Zipike.

Tata yako,
Warigia